Mawimbi ya Simu na Kichwa cha Nyangeta

Mtu akiniuliza kama simu ya mkononi inaumiza kichwa, kwanza namuuliza anapigia wapi. Najua mnacheka, mnaona nakwepa swali. Sikwepi. Simu ya mkononi ni redio ndogo inayotuma na kupokea, na nguvu inayotumia kutuma hutegemea kama mnara unaisikia vizuri au kwa shida. Ukiwa karibu na mnara, inanong'ona. Ukiwa nyuma ya kilima cha mawe, inapiga kelele. Na hapa Mwanza kwetu mawe hayajawahi kutupungukia.

Ninyi mnaokaa kwenye vibanda mnabadilisha vioo na chaji mmeniomba niwasimulie tulivyofanya kazi mwanzoni, simu zilipoingia. Nitasimulia kama nikumbukavyo. Vingine vitatangulia ambavyo vingepaswa kufuata, mnivumilie.

Mimi sikuanza na simu. Nilianza na simu za upepo, zile redio kubwa za mezani ambazo watu wa ushirika wa pamba walizitumia kuzungumza na vituo vyao vya kununulia. Nilitoka Bukoba nikiwa na cheti cha ufundi na begi moja, nikapangiwa karakana ya Mwanza chini ya fundi mkuu aliyeitwa Mzee Magesa, mtu wa Majita, mrefu, mwenye maneno machache. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Koku, utapanda nguzo?" Nikasema nitapanda. Akasema, "Basi usivae gauni." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Mzee Magesa alikuwa na kovu jeupe kwenye kidole gumba, dogo kama punje ya mchele. Alilipata upande wa Magu, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa juu anarekebisha waya wa antena, na chini ofisini karani akaona ni wakati mzuri wa kuita Mwanza. Karani alibonyeza maiki, na nguvu yote ya redio ikapita kwenye kidole cha fundi.

"Moto wa jikoni unaanzia kwenye ngozi," aliniambia. "Huu ulianzia ndani. Ngozi ilikuwa ya mwisho kupata habari."

Tangu siku hiyo hakupanda nguzo bila kuchomoa maiki na kuitia mfukoni. Kuna siku meneja mmoja alitafuta maiki asubuhi nzima, akamshuku mlinzi, akamshuku mfagizi, na Mzee Magesa yuko kwa mama ntilie anakula ugali na sato, maiki imetulia mfukoni. Aliporudi, meneja akafoka. Mzee akamwonyesha kidole gumba, akarudisha maiki mahali pake.

Kwa hiyo msidhani tulikuwa watu wa kudharau mawimbi. Tuliyaogopa pale yanapostahili kuogopwa. Wewe unayepanda minara leo, usisimame mbele ya antena inayotuma, hata kama bosi anasema ni dakika moja. Hakikisha imezimwa na aliyeizima ni mtu unayemjua.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutafuta hitilafu. Kulikuwa na boti moja ya kubeba samaki kutoka Nansio ambayo redio yake ilinguruma. Nahodha aliapa ni antena. Mimi nilibadilisha antena, nikabadilisha waya, nikaifungua redio yenyewe, na ngurumo ikabaki pale pale. Mzee akaja, akakaa, akamwambia nahodha azime injini. Ngurumo ikakoma. Akaniambia, "Ondoa kitu kimoja, sikiliza. Ukikiondoa na kelele ikabaki, kiache, hakina kosa. Usikipende kwa sababu ndicho ulichokishuku kwanza."

Halafu mambo yakabadilika. Soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia, ushirika ukalegea, karakana ikafungwa. Wakati huo huo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa, na wenye fedha walitaka kuongea na wanunuzi wao bila kungoja foleni ya simu ya posta. Simu za mkononi zikafika Mwanza. Wakala mmoja akafungua duka mjini, akahitaji mafundi, akatuchukua sote wawili.

Nilipoishika simu ya kwanza niliigeuza geuza kama mtu aliyepewa saa ya dhahabu. Mzee Magesa akaivuta antena yake, akairudisha, akaivuta tena.

"Usidanganyike," akasema. "Hii ni simu ya upepo iliyovaa suti."

Maneno hayo yalinisaidia kuliko kitabu kilichokuja na boksi. Kilichobadilika ni kwamba ile ya mezani ilikuwa na nguvu kubwa na antena yake ilikuwa juu ya nguzo. Hii nguvu yake ni kidogo sana, lakini antena inakaa sikioni. Hapo ndipo penye mazungumzo yote ya usalama, vijana. Nguvu, umbali, na muda. Mengine ni mapambo.

Wateja walikuja na hofu za kila aina. Mnunuzi mmoja wa pamba kutoka Magu alikuja analalamika kwamba betri inakwisha kabla ya saa sita mchana na simu inachemka. Akaitoa kwenye koti. Ilikuwa imefungwa karatasi zinazong'aa za pakiti za sigara, kuanzia chini mpaka juu, imeachwa sehemu ya namba tu. Aliambiwa mawimbi yanakula ubongo, akaamua kujikinga.

Mzee Magesa alizibandua zile karatasi polepole kama anayemenya kiazi cha moto.

"Umeivalisha bati," akamwambia. "Mnara hauisikii. Sasa inapiga kelele kwa nguvu zake zote ili isikike, na wewe umeiweka sikioni. Ulitaka kupunguza, umeongeza."

Yule bwana aliona aibu, lakini betri ikaacha kumsumbua. Leo naona mnauza stika za kuzuia mionzi. Sitaki kuwaharibia biashara. Kumbukeni tu yule bwana wa Magu.

Sasa niwaambie habari ya Nyangeta, kwa maana ndiyo iliyonifanya nikubali kusimulia.

Nyangeta alikuwa mwanamke wa Mara, wa umri unaokaribiana na wangu ila mdogo kidogo, akinunua sangara Igombe kwa ajili ya kiwanda kimoja cha minofu. Alikuwa na sauti ya kupasua upepo. Mumewe, Mafuru, alikuwa seremala Nyakato, mpole, anayependa kusikiliza kuliko kusema. Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto, na wakati huo mimba ilikuwa imeingia na kukaa. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka karibu na Musoma ili kumwangalia.

Alikuja dukani ameshika simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, karibu."

"Nimeleta hii muipunguze makali. Inanichoma sikio na kichwa kinaniuma. Mama mkwe anasema itaniua mtoto. Anataka niitupe ziwani."

Nilimkalisha. Nikamuuliza anapigia wapi. Akasema ufukweni Igombe mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na upepo ulikuwa mwingi, kwa hiyo alikuwa anaingia kwenye gari la barafu, anafunga mlango, anapiga kutoka humo. Gari lile lilikuwa limezungushiwa bati ndani na nje. Antena aliiacha imelala kwa sababu iliwahi kunasa kwenye kitenge ikapinda. Na mkono wake, nilipomwomba anionyeshe anavyoshika, ulifunika kichwa chote cha simu.

Nilifurahi, nakiri, kwa jinsi kila kitu kilivyokaa sawasawa. Nikampa maelekezo. Atoke ndani ya gari, apande pale juu barabarani ambapo simu inaonyesha vijiti vingi vya mtandao. Avute antena mpaka mwisho na asiifunike kwa kiganja. Akibonyeza namba, asiibandike sikioni mpaka upande wa pili uitikie. Aseme la msingi, akate. Abadilishe sikio. Nikampa na waya wa sikioni, nikamwambia simu aiweke kwenye mkoba, asiichomeke kiunoni.

"Na joto?" akauliza.

"Joto la sikio kwa sehemu kubwa ni la betri na vyombo vya ndani vikifanya kazi. Ukiibana sikioni muda mrefu, hata kopo la chai lingekuchoma."

"Na mtoto?"

Hapo nilimjibu nilichokijua, na ni hicho hicho ningejibu leo kwa sehemu kubwa. Kwamba kinachojulikana bila ubishi ni kuwa mawimbi haya, yakiwa na nguvu nyingi, hupasha mwili joto, na nguvu ya simu imewekewa mpaka ili isifike huko. Kwamba wataalamu walikuwa bado wanachunguza mengine. Kwamba sikuwa nimesikia ushahidi kuwa simu inaharibu mimba, lakini kuiweka mbali na tumbo hakumgharimu kitu, kwa hiyo aiweke mbali.

Alirudi baada ya siku kadhaa. Sikio lilikuwa limepoa. Kichwa bado.

"Labda nipumzike nayo kabisa," akasema. "Niishi kwanza bila hii." Akaiweka mezani. Niliona jinsi alivyosita kuiachia. Wanunuzi wengine pale Igombe walikuwa nazo, na samaki hamsubiri mtu. Tukaizima, tukatoa betri, nikaifungia kwenye kabati la duka.

Zikapita siku. Mafuru akaja peke yake, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, hakuketi hata nilipomwonyesha kiti.

"Fundi, naomba mnisaidie," akasema. "Simu iko kwenu, lakini kichwa kimezidi. Mama anasema mawimbi yameshamwingia, yamebaki ndani. Hamna dawa ya kuyatoa?"

Hakuwa mjinga Mafuru. Alikuwa mtu mwenye hofu, na mtu mwenye hofu hushika kamba yoyote anayorushiwa.

Mzee Magesa alikuwa nyuma ananyoosha antena iliyopinda. Akaiweka chini, akaja mbele.

"Mwanangu, ukizima redio nyumbani, wimbo unabaki chumbani?"

"Haubaki."

"Basi na mawimbi ya simu ni hivyo hivyo. Hayakai mwilini kama moshi kwenye nguo. Ikizimwa, yamekwisha." Kisha akanigeukia mimi. "Koku. Tumekiondoa kitu na hitilafu imebaki. Sisi si mafundi wa hii kazi. Nenda naye ukamwone yule mama."

Nilivua koti la kazi, nikaenda.

Nyumba yao Nyakato ilikuwa safi, imejaa harufu ya mbao mpya. Nyangeta alikuwa amelala chumbani, dirisha limezibwa kwa kanga. Mama mkwe, bibi mdogo mkakamavu, alikuwa anamkanda paji la uso kwa kitambaa cha maji. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Kwake mimi ndiye niliyeleta kile kidudu mjini.

Nilitoa kanga dirishani ili nione. Nyangeta akafumba macho upesi. Uso wake ulikuwa umejaa kiasi kwamba ningepishana naye barabarani nisimtambue. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, pete imezama. Akasema anaona kama vimulimuli vinaruka mbele ya macho, na chini ya kifua panamuuma.

"Kliniki wamesemaje?" nikauliza.

Mafuru akamtazama mkewe.

"Sijaenda," Nyangeta akasema. "Nilipoanza kuumwa nikaona hakuna haja. Nilikuwa najua kinachoniumiza."

Mimi si daktari. Sikujua ugonjwa ule unaitwaje. Nilijua tu kwamba sote, mimi nikiwa mmojawapo, tulikuwa tumesimama tunaitazama simu, na hakuna aliyekuwa amemtazama mgonjwa.

"Tunaenda hospitali sasa hivi," nikasema.

"Kwanza tumwite mchungaji aombe," mama mkwe akasema.

Mafuru, mtu yule mpole, akasema kwa sauti ambayo sikudhani anayo, "Mama, mchungaji atatukuta huko." Akatoka kwenda kutafuta gari. Alirudi na pikapu iliyokuwa inapeleka mbao zake kwa mteja, mbao zimeshushwa barabarani, hakuna aliyezilinda.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mtu wa Ukerewe kwa usemi wake. Alimfunga Nyangeta kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akasoma. Akakifungua, akafunga mkono wa pili. Akasoma tena. Niliona alivyoanza kutembea kwa haraka. Akachukua mkojo, akapima. Daktari akaitwa.

"Mmechelewa, lakini mmefika," muuguzi akamwambia Mafuru. "Presha yake iko juu sana. Hii inaelekea kwenye kifafa cha mimba. Angeanguka degedege nyumbani, mngewapoteza wote wawili. Kichwa kimeanza kumuuma lini?"

Mafuru akamtajia siku.

"Na muda wote huo mlikuwa mnafanya nini?"

Mafuru akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Tulikuwa tunahangaika na simu."

Muuguzi hakumcheka wala hakumgombeza. Akasema, "Haya. Kaa hapo." Na akaingia ndani.

Tulikaa. Mama mkwe alikuwa amejifunika kanga kichwani, midomo inacheza kwa sala. Mafuru alikuwa akiangalia mikono yake. Wakati fulani aliniuliza, "Kwa hiyo simu haikuhusika hata kidogo?"

"Siwezi kusema najua kila kitu kuhusu simu," nikamwambia. "Najua kwamba presha hii wanawake walikuwa nayo kabla simu haijafika hapa. Na najua ilikuwa inapimika kwa kile kitambaa tu."

Walimpa dawa za kushusha presha na za kuzuia degedege, na walipoona haitulii wakaamua mtoto atolewe kabla ya wakati wake. Akazaliwa wa kike, mdogo kiasi cha kutia huruma, wakamfunga kwa pamba. Kwa siku za mwanzo hakuna aliyethubutu kutaja jina. Nyangeta alikaa wodini mpaka presha ikashuka, na mtoto akakaa mpaka akajua kunyonya. Walitoka wote.

Siwaambii haya ili mdharau wanaoogopa simu. Mteja akija na hofu, msimcheke. Mwelekezeni: antena, ambayo siku hizi imefichwa ndani ya simu, iachwe wazi, asiifunike kwa kiganja wala kava la chuma, mtandao ukiwa hafifu asiongee kirefu, atumie waya wa sikioni au spika, asilale nayo chini ya mto. Mwenye kifaa cha moyo asiiweke mfuko wa shati, na amuulize daktari wake. Hizo ni tahadhari rahisi, hazimuumizi mtu. Halafu mwambieni na lile lisilo na shaka yoyote: anayeendesha pikipiki huku simu imebanwa kwenye kofia atauawa na lori kabla mawimbi hayajaamua lolote.

Lakini akikwambia kichwa kinauma na hakiachi, au macho yanaona vitu, au miguu imevimba na ana mimba, funga kibanda chako umpeleke. Ubaya wa jibu lisilo sahihi ni kwamba linamfanya mtu aache kuuliza. Nyangeta aliacha kliniki kwa sababu alikuwa na jibu.

Alikuja kuchukua simu yake mtoto akiwa amenenepa mashavu, amembeba mgongoni. Niliitoa kabatini, nikarudisha betri, tukaijaribu. Alirudi Igombe, na wenzake walimzoea akipanda barabarani kila anapotaka kupiga, antena imevutwa, mkoba mbali na mtoto, sauti yake inafika ufukweni hata bila simu.

Niliwatembelea Nyakato siku moja baada ya ibada. Mama mkwe alikuwa bado yupo, na safari hii alinikaribisha chai. Alinieleza habari ya presha kwa kirefu, vile muuguzi alivyomfundisha, na kwamba kule kwao hakuna binti wa ukoo anayeshika mimba asipelekwe kliniki, yeye bibi akiwa nyuma yake na fimbo. Wakati anaongea simu ya Nyangeta ikalia chumbani, alikolala mtoto. Bibi akainuka kabla ya mtu yeyote, akaichukua kwa vidole viwili, akapita nayo mbele yetu, akaiweka nje kwenye kizingiti cha dirisha ikaendelea kulia huko.

"Mama," Mafuru akasema, "si tulishaambiwa haikuwa na kosa?"

"Nimesikia haikuwa na kosa," bibi akasema, akirudi kwenye kiti chake. "Ikae huko huko na usafi wake."

Nyangeta akanitazama akingoja nimweleze bibi. Mimi nikaomba sukari. Dirishani ni mbali na kichwa cha mtoto, na mtandao pale ulikuwa mzuri.